Kozi za Utangulizi wa Kompyuta na TEHAMA katika Vyuo vya Tanzania: Uhakiki wa Istilahi na Usemi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya kozi za utangulizi wa kompyuta na Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) zinazotolewa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya Tanzania. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa kozi hizi hautokani na uhaba wa vifaa pekee. Unatokana pia na lugha inayomfundisha mwanafunzi kuitii mashine bila kumpa maneno ya kuieleza wala kuihoji. Makala yanachunguza mambo manne: muundo wa kozi, jina la somo lenyewe, istilahi zinazoshindana, na usemi unaoifanya mashine kuwa mtenda. Uhakiki unaonesha kwamba Kiswahili tayari kina hazina ya kutosha kubeba maelezo ya somo hili, na kwamba istilahi hukomaa kwa kufundishiwa. Mwisho, makala yanapendekeza vigezo vya kupima kozi ya utangulizi kwa kuangalia uwezo wa mwanafunzi wa kueleza, kuamua na kuhoji.

1.0 Utangulizi

Kozi ya utangulizi wa kompyuta imekuwa sehemu ya kawaida ya mwaka wa kwanza vyuoni. Mwanafunzi wa ualimu, uuguzi, sheria au uhasibu hukutana nayo kwa sura inayofanana: historia fupi ya kompyuta, sehemu zake, mfumo endeshi, programu ya kuchakata matini, lahajedwali, programu ya mawasilisho, kisha intaneti na barua pepe. Muhula ukiisha, mtihani humtaka ataje sifa za kompyuta, atofautishe maunzi na programu, na aeleze hatua za kuhifadhi faili. Wengi hufaulu. Swali linalozaa uhakiki huu ni kile wanachoweza kukisema baada ya kufaulu.

Mjadala kuhusu kozi hizi kwa kawaida huegemea upande wa vifaa: kompyuta hazitoshi, umeme unakatika, intaneti ni ghali. Hoja hizo ni za kweli, lakini zinaacha pembeni jambo ambalo wanaisimu na wahakiki wana wajibu wa kulitazama. Kozi ya utangulizi, ya fani yoyote, ni kozi ya lugha kabla ya kuwa kozi ya jambo jingine. Humwingiza mgeni katika jumuiya ya wasemaji, humpa majina ya vitu, na humwonesha sentensi zinazokubalika kuhusu vitu hivyo. Kwa hiyo inaweza kuhakikiwa kama matini: nani anatenda katika sentensi zake, ni sitiari zipi zinazobeba dhana zake, na msomaji wake amechukuliwa kuwa nani.

Kuna sababu ya kufanya uhakiki huo sasa. Mwanafunzi anayeingia chuoni leo aghalabu ameshaombea nafasi ya masomo na mkopo kwa njia ya mtandao kabla ya kusoma sura ya kwanza ya kozi. Mara nyingi alifanya hivyo katika duka la steshenari, ambako mhudumu alimjazia fomu, akamfungulia anwani ya barua pepe, na pengine akamchagulia nywila. Mwanafunzi huyo si mgeni wa teknolojia. Ni mtu ambaye teknolojia imeshaamua mambo yake makubwa kupitia mikono na maneno ya mwingine. Kozi inayomwanzishia kwenye kifaa cha kuhesabia cha shanga na vizazi vitano vya kompyuta inampita alipo.

2.0 Muundo wa Kozi: Leseni na Ufasaha

Mpangilio wa mada uliotajwa hapo juu una historia. Nchini Finland, mwaka 1988, kulianzishwa cheti cha stadi za kompyuta kilichoitwa leseni ya udereva wa kompyuta. Katika miaka ya 1990 wazo hilo lilipanuliwa kuwa cheti cha Ulaya, na baadaye cha kimataifa, chenye moduli saba: dhana za msingi, matumizi ya kompyuta na upangaji wa faili, uchakataji wa matini, lahajedwali, hifadhidata, mawasilisho, na habari na mawasiliano. Kozi nyingi za utangulizi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki, zinafanana na mpangilio huo hata pale ambapo cheti chenyewe hakitajwi.

Sitiari ya leseni ya udereva inastahili kutazamwa kwa makini. Dereva anatakiwa kujua usukani, breki na alama za barabarani. Hatakiwi kujua barabara ilichorwa na nani wala kwa nini inapita kijiji hiki na kukiacha kile. Ndivyo kozi nyingi zinavyomtazama mwanafunzi. Stadi ni mfuatano wa vitendo vya vidole: fungua, chagua, bofya, hifadhi. Toleo jipya la programu likihamisha kitufe, stadi hiyo hupotea, kwa kuwa haikuwa na maelezo ya kuishikilia.

Mtazamo tofauti ulijitokeza mwaka 1999 katika ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani. Ripoti hiyo iliacha dhana ya kujua tu kutumia kompyuta na kuweka mahali pake dhana ya ufasaha katika teknolojia ya habari. Ufasaha huo uligawanywa katika sehemu tatu zinazotegemeana: stadi za wakati uliopo, dhana za msingi, na uwezo wa kiakili wa kutatua matatizo katika mazingira mapya. Inafaa kuzingatia kwamba ripoti hiyo iliazima neno lake kutoka katika taaluma ya lugha. Katika Kiswahili, fasaha ni yule anayeweza kusema jambo lililo lake, mahali panapofaa, akaeleweka. Anayekariri salamu bado hajafika hapo. Kwa kigezo hicho, mwanafunzi anayeweza kufuata hatua za kuhifadhi faili lakini hawezi kueleza faili limehifadhiwa wapi, na kwa nini limepotea, bado yuko kwenye salamu.

3.0 Jina la Somo: Habari au Taarifa?

Kifupisho TEHAMA ni miongoni mwa istilahi zilizofanikiwa sana katika Kiswahili cha zama hizi. Kinatamkika, kinafuata mfumo wa silabi wazi, na kimeingia katika sera, mitaala na mazungumzo ya kila siku. Tanzania ilikuwa na Sera ya Taifa ya TEHAMA tangu mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa TEHAMA lilikuwa jina la somo katika shule za msingi. Mafanikio hayo, hata hivyo, yameficha tatizo la kidhana ambalo kozi za vyuo hazijalikabili.

Tatizo liko katika neno habari. Kwa msemaji wa kawaida, habari ni jambo lililotokea na linalosimuliwa. Hutangazwa redioni, huulizwa katika salamu, huandikwa gazetini. Dhana inayokusudiwa katika TEHAMA ni pana kuliko hiyo. Ni matokeo ya kuchakata data: jedwali la alama, salio la akaunti, ramani, picha ya eksirei. Kozi zenyewe zinapofika kwenye fasili ya kompyuta hulikwepa neno habari. Husema kwamba kompyuta ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea data, kuichakata na kutoa taarifa. Hivyo jina la somo hutumia habari na fasili ya msingi ya somo hilohilo hutumia taarifa, bila maelezo yoyote ya kwa nini.

Mkanganyiko huu si wa darasani tu. Katika miaka ya mwanzo ya 2020, Tanzania ilikuwa na Wizara ya Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari. Neno habari linatokea mara mbili katika jina hilo, na kila mara lina maana tofauti: mara ya kwanza linahusu vyombo vya habari, mara ya pili linahusu taarifa zilizochakatwa. Wasomaji wa jina hilo waliweza kutofautisha kwa muktadha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana muktadha huo, na kozi ndiyo iliyopaswa kumpa.

Haipendekezwi hapa kwamba TEHAMA ibadilishwe. Neno lililokwisha kukubalika lina nguvu kuliko mantiki ya anayelikosoa. Kinachodaiwa ni kwamba pengo kati ya habari na taarifa ligeuzwe kuwa somo. Mwanafunzi akiulizwa ni lini alama 45 ni data, ni lini ni taarifa, na ni lini huwa habari, atakuwa ameanza kufikiri kuhusu kiini cha fani. Alama iliyoandikwa peke yake ni data. Ikiwekwa katika jedwali pamoja na wastani wa darasa, inakuwa taarifa. Mzazi akiipokea nyumbani, ni habari, njema au mbaya. Kiswahili kinafanya tofauti hiyo bila kuazima neno jipya.

4.0 Istilahi: Wingi wa Majina na Uhaba wa Mfumo

Wahakiki wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili wamezoea kulalamikia wingi wa majina. Kompyuta imeitwa pia tarakilishi, hasa katika vitabu vya shule nchini Kenya, na iliwahi kuitwa ngamizi, neno ambalo mlio wake uko karibu mno na kuangamiza. Kwa kifaa cha kuelekezea kuna kipanya, puku na mausi. Kibodi hushindana na baobonye na kicharazio. Skrini hushindana na kiwambo, neno zuri linalokumbusha ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Nywila hushindana na nenosiri, na katika huduma za pesa kwa simu watu husema namba ya siri.

Wingi huo peke yake si maradhi. Lugha hai hubeba visawe. Ugumu ni kwamba kozi hazimwoneshi mwanafunzi vigezo vya kuchagua, ilhali vigezo hivyo vipo katika taaluma. Kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992 kilikusanya mbinu na kanuni za kazi hii, na vigezo vya Kiingi vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA vimetumiwa mara nyingi kupima istilahi kwa usahihi, uwekevu, uzalishi, uangavu na ukubalifu. Kwa vigezo hivyo, kinachopaswa kuulizwa kwanza si kama neno ni la asili au la kukopa. Kinachopaswa kuulizwa ni kama neno linafanya kazi pamoja na wenzake.

Mfano bora ni chakata. Kabla ya kompyuta, kitenzi hiki kilikuwa kikitumika, na bado kinatumika, katika kilimo cha mkonge. Jani linaingia mashineni, nyuzi zinatoka upande mmoja, makapi yanatoka upande mwingine. Anayejua kazi hiyo ameshaelewa uhusiano wa ingizo, mchakato na tokeo, na ameelewa pia jambo ambalo fasili za vitabu husahau: kuchakata ni kuchagua, na kila uchakataji hutupa kitu. Aidha, kitenzi hiki kinazaa mchakato, uchakataji, kichakataji na chakatwa. Mwanafunzi aliyepewa shina moja amepewa familia nzima. Prosesa inaeleweka madukani, lakini katika sentensi ya maelezo haimwoneshi mwanafunzi kwamba kifaa hicho na kitendo cha kuchakata ni jamaa.

Pakia na pakua zinaonesha nguvu nyingine. Maneno haya ni jozi ya kitenzi na kinyume chake, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Yote mawili yalitumika kwa shehena ya chombo, na pakua ikatumika pia kwa chakula kinachotolewa chunguni. Maana ya kimtandao imekaa juu ya maana hizo bila kuzivunja: faili linapakiwa kwenda kwenye seva, linapakuliwa kuja kwa mtumiaji. Mwelekeo wa kitendo umo ndani ya umbo la neno. Bofya nayo ilihusu kubonyeza kitu laini kwa ncha ya kidole ili kukijaribu, na leo inatosha kabisa kwa kitendo chepesi cha kidole juu ya kitufe.

Si kila istilahi imefaulu hivyo. Lahajedwali imeundwa kwa laha na jedwali, na kwa anayeyajua maneno hayo mawili iko wazi. Lakini laha si neno la kila siku, wakati lahaja linafahamika kwa kila aliyesoma Kiswahili sekondari. Jicho la msomaji huanza kwa kuona lahaja, kisha hubaki na mabaki yasiyo na maana. Huu ni ushahidi kwamba uangavu haupimwi mezani kwa muundaji. Hupimwa kwa msomaji anayekutana na neno mara ya kwanza.

Mfano mzito zaidi ni kumbukumbu. Katika fani, kuna tofauti kubwa kati ya mahali ambapo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea, ambapo hufutika umeme ukizimwa, na mahali ambapo faili hukaa kwa kudumu. Wauzaji wa simu huita vyote viwili memori. Baadhi ya matini za kufundishia huita vyote viwili kumbukumbu. Matokeo yake ni mwanafunzi anayeandika kazi yake kwa saa mbili, umeme unakatika, na haelewi kwa nini maneno aliyoyaona kwenye skrini hayapo tena. Kiswahili kinaweza kuitenganisha dhana hii vizuri. Kumbukumbu ni kile kilichomo akilini wakati mtu anafanya kazi. Hifadhi ni ghalani. Ukishafanya utenganisho huo, kitenzi hifadhi kinachoonekana katika menyu kinapata maana: ni kuhamisha kitu kutoka akilini kwenda ghalani. Hapa istilahi sahihi ndiyo maelezo yenyewe.

5.0 Lugha ya Skrini na Lugha ya Maelezo

Mhadhara wa kozi ya utangulizi aghalabu huendeshwa kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Slaidi na mtihani ni vya Kiingereza. Maelezo ya mdomo, hasa maabara, ni ya Kiswahili kilichobeba vitenzi vya skrini: klik hapa, seivu kwenye folda, kopi halafu pesti, ukimaliza nifowadie. Ni rahisi kuukemea mchanganyo huu kwa jina la usanifu, lakini ukemeaji huo hauoni kinachotendeka.

Kwa upande wa mofolojia, vitenzi hivi vimepokewa kwa utaratibu. Kiswahili kina desturi ndefu ya kupokea vitenzi visivyoishia na irabu a, kama fikiri, jibu na samehe, na kuvinyambulisha kama vingine. Seivu huwa seivia kama jibu linavyokuwa jibia; fowadi huwa fowadia kama fikiri linavyokuwa fikiria. Msemaji anayesema nifowadie ametumia sarufi ya Kiswahili kikamilifu. Kilichokopwa ni mzizi tu.

Kasoro iko kwingine. Vitenzi vya mchanganyo huu hutumika karibu daima katika hali ya kuamuru. Ni lugha ya kuelekeza mkono. Inapofika wakati wa kueleza sababu, mhadhiri hurudi kwenye slaidi ya Kiingereza, ambayo mwanafunzi huinakili bila kuibadilisha. Hivyo Kiswahili hupewa kazi ya amri na Kiingereza hupewa kazi ya maarifa, na mwanafunzi hapati lugha yoyote ya kuunganisha kazi hizo mbili. Anaweza kutenda kwa Kiswahili na kukariri kwa Kiingereza. Kueleza, hawezi kwa yoyote.

Mgawanyo huu hautokani na umaskini wa Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, kifurushi huria cha programu za ofisi ambacho menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Simu nyingi za mkononi zinaweza kuwekwa katika Kiswahili. Kazi ngumu ya kuipa kila amri jina ilishafanyika. Hata hivyo kompyuta za maabara nyingi za vyuo zimebaki na skrini ya Kiingereza, na kozi hazimwoneshi mwanafunzi hata mahali pa kubadilishia lugha ya mashine, ingawa hilo lenyewe ni stadi ya msingi.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi uko mifukoni mwa watu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Pamoja na huduma nyingine za aina hiyo, ilizalisha rejista nzima ya Kiswahili: salio, muamala, wakala, kifurushi, thibitisha, ghairi, weka namba ya siri. Wakulima, wachuuzi na wazee wasiowahi kuingia maabara ya kompyuta hufuata menyu hizo kila siku, wakiwa na fedha zao halisi hatarini. Hapa Kiswahili ni lugha ya skrini, na kosa la ufahamu lina gharama ya papo hapo. Kozi ya chuo ambayo haianzii kwenye rejista hiyo inaacha nje ya mlango hazina ambayo mwanafunzi alikuja nayo. Dhana za uthibitishaji wa mtumiaji, muamala unaokamilika au kushindwa kwa ujumla wake, na rekodi isiyofutika tayari anazijua kwa vitendo. Kinachokosekana ni kozi ya kuzipa majina.

6.0 Mashine kama Mtenda

Karibu kila matini ya utangulizi ina orodha ya sifa za kompyuta: ina kasi, ni sahihi, haichoki, inatunza kumbukumbu nyingi, inafanya kazi za aina nyingi. Baadhi ya orodha huongeza kwamba kompyuta haina hisia na kwa hiyo haina upendeleo. Orodha hii hufundishwa kama jambo la kawaida, na mtihani huiuliza kila mwaka. Kwa mhakiki wa usemi, ni matini ya kuvutia. Kompyuta ndiyo kiima cha kila sentensi. Hakuna mtu aliyeiandikia programu, hakuna aliyeingiza data, hakuna aliyeamua kanuni.

Sarufi hiyo haibaki darasani. Katika kaunta za ofisi na huduma, wananchi huambiwa: mfumo umekataa, mtandao unasumbua, mfumo haukutambui, jina lako mfumo hauliruhusu. Kila moja ya sentensi hizi ina mashine kama kiima na kitenzi cha uamuzi wa kibinadamu: kukataa, kutambua, kuruhusu. Mtu aliyeamua kwamba jina lenye maneno mawili lisikubaliwe mahali panapotaka matatu ametoweka katika sentensi. Mtu aliyekosea tarakimu ya mwaka wa kuzaliwa ametoweka pia. Anayeambiwa maneno hayo hana wa kumuuliza, kwa sababu sentensi haina mtu.

Hapa ndipo kozi ya utangulizi inapobeba dhima yake kubwa. Wahitimu wake ndio watakaokaa pande zote mbili za kaunta. Muuguzi atasoma jina la mgonjwa kwenye skrini. Mwalimu ataingiza alama. Karani wa mahakama atatafuta jalada. Waliofundishwa kwamba kompyuta ni sahihi na haina upendeleo watalitoa jibu la mashine kama neno la mwisho. Waliofundishwa kwamba kompyuta huchakata data iliyoingizwa na mtu, kwa kanuni iliyoandikwa na mtu, watajua maswali matatu ya kuuliza: data hii iliingizwa na nani, kanuni inasemaje, na nani ana mamlaka ya kurekebisha. Tofauti kati ya wahitimu hawa wawili haihitaji kompyuta hata moja ya ziada. Inahitaji sentensi iliyoandikwa vizuri.

Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kuandika sentensi hiyo. Kauli ya kutendwa inaweza kumtaja mtenda: taarifa zimeingizwa na karani. Kauli ya kutendesha inaweza kuonesha mnyororo wa wajibu: taasisi imeufanya mfumo ukatae majina ya aina hii. Zoezi la kugeuza sentensi mfumo umekataa kuwa sentensi yenye watu ndani yake ni zoezi la sarufi, na papo hapo ni zoezi la TEHAMA. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo taaluma hizi mbili zinahitajiana kwa karibu hivyo.

7.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni soko la ajira. Programu nyingi za kazini zina skrini ya Kiingereza, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiswahili, inasemwa, atapotea. Hoja hii inachanganya lebo na dhana. Lebo za skrini ni chache, hujirudia, na hujifunzwa haraka na anayejua zinasimamia nini. Anayejua tofauti ya kumbukumbu na hifadhi ataikuta kwenye skrini ya lugha yoyote. Anayejua lebo bila dhana ataanza upya kila programu inapobadilika. Kinachopendekezwa ni kozi inayoeleza kwa Kiswahili na kuonesha lebo za lugha zote mbili, na haihitaji kukifukuza Kiingereza.

Hoja ya pili ni kwamba istilahi hazijasanifiwa kiasi cha kutosha, na ni busara kusubiri BAKITA, vyombo vyake wenza na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vikubaliane. Historia ya vyuo vyenyewe inapinga hoja hii. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1970, ilianza kufundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili wakati istilahi nyingi za fani hizo zilikuwa hazijatulia. Fonimu na mofimu zilikopwa, kirai na kishazi zikatoka ndani ya lugha, na baadhi ya mapendekezo yakaachwa njiani. Kilichoyatuliza ni kufundishwa, kuandikiwa mitihani na kubishaniwa katika semina na majarida. Kusubiri istilahi zikomae kabla ya kuzifundishia ni kusubiri mtoto ajue kutembea kabla ya kumshusha chini.

Hoja ya tatu hutoka upande wa watetezi wa Kiswahili wenyewe, nayo ni kwamba istilahi za kukopa zinadhalilisha lugha na kwamba kila lebo lazima ipate neno la asili. Uhakiki huu hauungi mkono msimamo huo pia. Kompyuta, faili, programu na data zimeshakuwa maneno ya Kiswahili, zina upatanisho wa kisarufi na wasemaji. Juhudi zinazotumika kuwaondoa wenyeji hao zingefaa zaidi kutumika mahali ambapo neno la asili linaongeza maelezo, kama ilivyo kwa chakata, pakua na hifadhi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kozi za utangulizi wa kompyuta na TEHAMA zina kasoro za kilugha ambazo vifaa zaidi haviwezi kuzirekebisha. Muundo wake umerithi sitiari ya leseni ya udereva. Jina lake lina pengo kati ya habari na taarifa ambalo halifundishwi. Istilahi zake hutolewa kama orodha badala ya mfumo. Usemi wake wa darasani unakipa Kiswahili amri na kukinyima maelezo, na sentensi zake kuhusu mashine huwaficha watu walio nyuma ya mashine.

Kutokana na hayo, kozi bora ya utangulizi inaweza kupimwa kwa vigezo vitatu. Kwanza, mwanafunzi aweze kueleza kwa Kiswahili fasaha, kwa mtu asiyesoma chuo, kilichotokea faili lilipopotea au muamala uliposhindwa. Pili, aweze kuchagua kati ya istilahi mbili na kutetea uchaguzi wake kwa vigezo vya taaluma. Tatu, aweze kuigeuza sentensi mfumo umekataa ili watu na kanuni waonekane. Vigezo hivi vinaweza kuwekwa katika mtihani wa muhula ujao bila kubadili sera yoyote.

Kwa wanaisimu, kazi iliyo mbele ni kuingia katika madarasa haya. Idara za Kiswahili na idara za TEHAMA mara nyingi ziko katika chuo kimoja. Mtaala wa pamoja wa wiki chache, unaoanzia kwenye menyu ya simu aliyonayo mwanafunzi na kuishia kwenye haki yake ya kuuliza nani aliingiza taarifa zake, ungefanya zaidi kwa lugha na kwa fani kuliko orodha nyingine ya istilahi. Mwanafunzi ambaye nywila yake bado iko katika daftari la mhudumu wa steshenari ana sababu ya kuusubiri mtaala huo.